Harusi Iliyokwama Kwenye Nembo

Nyie vijana wa siku hizi mnanifurahisha sana. Mtu anaamka asubuhi, anaangalia video ya mtu asiyemjua, ikifika mchana anataka kuruti simu ya mjomba wake. Siwacheki. Mimi mwenyewe, macho yamechoka na shingo imegoma kuinama, nikisikia kijana anapiga kelele "Mama Skola, imekubali!" moyo unaruka kama nimeambiwa nimepata mjukuu. Sogeeni basi, niwasimulie ya meza yangu pale Sumbawanga, nyuma ya soko, nilipotengeneza redio, halafu simu za vitufe, halafu hizi za kugusa, mpaka nilipomwachia Kabula kiti.

Huyo Kabula ndiye aliyenifundisha haya mambo, na kwa umri ningeweza kumzaa. Alikuja siku ya upepo mkali, kavaa sweta la kiume limemfika magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Simu inasumbua nini?"

"Simu haina shida. Naomba kona ya meza yako."

Kwao ni wafugaji. Wazazi wake walihamia bonde la Rukwa na ng'ombe zao wakitokea upande wa Shinyanga, yeye akiwa mgongoni. Huko bondeni alikuwa anachajia watu simu kwa sola, na katika kuchajia akaanza kuchokonoa. Nikamuuliza anajua nini ambacho mimi sikijui. Akainyanyua simu yangu mezani, ile iliyokuwa inafikiria kwanza kabla ya kupiga, akaizungusha mkononi.

"Mama, hii simu umeinunua au umeipanga?"

"Nimeinunua kwa jasho langu!"

"Mbona kuna vyumba huingii?"

Nikacheka, lakini neno lilinichoma, maana lilikuwa kweli. Ile simu ilikuja na maprogramu yake kutoka kiwandani, siyatumii, yanakula nafasi, na ukitaka kuyafuta inakukatalia. Ni kama nyumba ya kupanga: unalala humo, unapika humo, lakini kuna chumba mwenye nyumba kakifunga na ufunguo kaondoka nao. Kuruti simu ndiko huko: kuupata ufunguo wa chumba kile. Na rikavari ni mlango wa nyuma, ule unaoingilia simu ikigoma kuwaka mbele. Ya kiwandani ni kimlango chembamba, kinajua kufuta tu. Ukiweka ya kwako unapata mlango mpana: unatoa nakala ya simu nzima, unairudisha kama ilivyokuwa, unabadilisha mfumo wote ukitaka.

Nikamwambia fanya sasa hivi. Akakataa! Akakaa na simu yangu muda mrefu bila kuiruti, anatoa picha zangu, namba zangu, nyimbo zangu, anaweka kwenye kompyuta. Mimi nawashwa, nataka kuona maajabu.

"Mama, nikifungua kufuli la kiwandani simu inajifuta yenyewe. Inadhani sisi ni wezi."

Lishikeni hilo kabla ya yote. Simu ambayo kufuli lake halijawahi kufunguliwa, siku utakayolifungua kila kilichomo kinaondoka. Sijawahi kuona mtu aliyekibembeleza kiwanda kikamrudishia picha za ubatizo.

Siku ile simu yangu ilipowaka upya, nyepesi, imepumua, nilimpa Kabula nusu ya meza. Kona aliyoomba ilikuwa ndogo mno.

Tulicheka sana kwenye meza ile. Alikuja kijana mmoja wa Matai, simu yake ukigusa juu inafungua cha chini, ukigusa kushoto inafungua cha kulia. Kutuma ujumbe mmoja anatoka jasho, na baridi yote ile. Kumbe alikuwa ameiwekea faili la simu nyingine, jina lilelile, ila ya kwake mwishoni ilikuwa na herufi moja zaidi. Alisema, "Mama, niliona zimefanana." Mapacha nao wanafanana, lakini hawameziani dawa. Jina la simu msilisome kwenye boksi wala kwenye kava. Ingieni ndani, kwenye sehemu ya kuhusu simu, msome jina refu lote, na namba yote ya toleo, mpaka nukta.

Mwingine aliweka tochi. Tochi tu, ya kumulikia. Ikamuuliza, "Niruhusu kutumia ruti?" Akabonyeza ndiyo. Kabula alimkazia macho akamuuliza, "Wewe, tochi inataka ufunguo wa nyumba nzima ya nini?" Programu uliyoipa ruti inaweza kusoma kila kitu na kugusa kila kitu. Zipeni chache, mnazozijua. Na jueni pia kwamba programu nyingi za benki zikinusa ruti zinafunga mlango. Ndiyo maana mteja akija na simu moja tu, ambayo ndiyo ofisi, ndiyo pochi, ndiyo kila kitu, tulikuwa tunamshauri aiache ilivyo. Tumewarudisha wengi hivyo, wengine wamenuna.

Sasa niwaambie ya Festo.

Festo alikuwa mpiga video wa harusi, kijana mtanashati wa Namanyere, anapiga kwa simu na ka-fimbo kake ka kushikia, picha zake zinatulia kuliko za watu wenye kamera kubwa. Simu yake ilikuwa na ruti, tulimfanyia sisi wenyewe, maana alitaka kuifungua kamera iende mbali kuliko kiwanda kilivyoruhusu. Rikavari yetu pia ilikuwamo. Mteja mzuri, anasikiliza. Mpaka siku ambayo hakusikiliza.

Aliingia dukani mchana, suti ya harusi bado mwilini, tai imeenda mgongoni. Nyuma yake msichana mwenye hina mbichi mikononi na macho mekundu. Festo akaiweka simu mezani kama mtu anayelaza mtoto mgonjwa.

"Mama Skola, nimekufa."

Kwenye kioo kulikuwa na maandishi madogo meupe: mfumo umeshindwa kuwaka, data zako huenda zimeharibika. Chini yake machaguo mawili. Jaribu tena. Au futa kila kitu.

Msichana aliitwa Anjela, ndiye bibi harusi. Alifunga ndoa jana yake Namanyere. Baba yake, Mzee Gaspari, hakuwepo: aliugua ghafla wiki ya harusi, akaletwa hospitali hapa Sumbawanga, na mwenyewe ndiye aliyekataza wasiahirishe, alisema wageni wa Kabwe wameshapanda magari, samaki wameshaletwa, mnaahirisha nini. Alichoomba ni kimoja, aletewe video. Na sasa madaktari walikuwa wameamua ahamishiwe Mbeya akapasuliwe. Gari lingeondoka alfajiri ya kesho.

"Video ipo humu tu?" Kabula akauliza.

Festo akaivuta tai toka mgongoni.

"Humu tu?"

"Humu tu. Nilikuwa ninunue kadi ya kuhifadhia..."

Tukamtoa maneno kidogo kidogo. Asubuhi ile simu ilimletea ujumbe kwamba kuna toleo jipya la mfumo, akakubali. Likaingia, simu ikawaka vizuri. Ila ruti ikawa imetoka, kama inavyotoka kila mfumo unapobadilika, na rikavari yetu ikawa imefutwa, ya kiwandani imerudi. Festo akakumbuka alikuwa na lile faili la kuwashia tulilompa zamani, ndilo linaloiamsha simu na ndilo tulilotilia ruti. Akalirudishia mwenyewe, kwa kompyuta ya rafiki yake, faili la toleo la zamani ndani ya toleo jipya. Toka hapo simu ikawa inaonyesha nembo, inazima, inaonyesha nembo, inazima, mpaka ikaishia kwenye yale maandishi.

"Nilikuwa nataka nibonyeze hiki cha chini," akasema, na kidole kikaenda. "Si wanasema ikifuta inapona?"

Kabula alimpiga kofi la mkono ambalo soko zima lilisikia.

"Simu itapona! Harusi je?"

Anjela ndiye aliyecheka wa kwanza, kicheko cha kulia, na hapo sote tukapata pumzi.

Mambo ya kwanza tuliyofanya hayakuwa ya ajabu. Tuliiweka simu kwenye chaji. Msiniangalie hivyo! Simu nyingi hazikuuawa na utaalamu, ziliuawa na betri iliyoisha katikati ya kazi. Halafu nikatafuta waya mzuri, ule mfupi ninaouficha, maana waya legelege ukikatika wakati faili linaingia unaacha nusu ndani, nusu nje.

Kabula akasema kwanza tuiokoe harusi, simu baadaye. Ndivyo inavyotakiwa. Hakuiweka rikavari yetu ndani ya simu, aliiwasha tu kutoka kwenye kompyuta, kama unavyochungulia nyumba kwa tochi bila kuhamia. Kioo kikageuka, menyu yetu ikatokea. Nilimshika Anjela bega. Tukafungua mafolda.

Takataka tupu. Majina ya mafolda yalikuwa herufi na namba zimechanganyika kama mtu kakanyaga kibodi.

"Zimeharibika?" Anjela akauliza.

"Hapana," Kabula akasema, anauma kucha. "Zimefungwa. Hii rikavari ni ya mfumo wa zamani, haijui kufuli la toleo jipya. Harusi yako ipo, dada. Iko nyuma ya mlango."

Vijana, sijui niwaelezeje nilivyojisikia. Hofu nilikuwa nayo, lakini chini ya hofu kulikuwa na msisimko kama wa mtoto. Ipo! Kitu kikiwapo, kinatafutwa.

Njia ilibaki moja. Kulitoa lile faili la kuwashia la zamani na kuweka la toleo jipya, la kiwandani, safi, bila kugusa kitu kingine chochote. Kufuli la kiwanda lilishafunguliwa zamani, kwa hiyo hakuna kitakachojifuta. Lakini liwe la toleo lilelile hasa. Lipi? Festo hakukumbuka. Alikumbuka lilikuwa "la juzi juzi."

Hapo ndipo kazi yangu ya redio ilipokuja kunisaidia, maana redio ilinizoesha kusoma vitu ambavyo watu hawasomi. Juu kabisa ya ule ukurasa wa kutisha, ambapo kila mtu anakimbilia kusoma machaguo, kuna mstari wa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Mara nyingi ndilo jina la toleo. Tukaizima simu na kuiwasha mpaka ukurasa ule ukarudi, nikaweka lensi jichoni, nikaanza kusoma kwa sauti, Kabula anaandika. Tukafika mwisho.

"Nane," nikasema.

"Sita, mama," Kabula akasema, kapachika kichwa chake kando ya changu.

"Nane!"

"Sita!"

Tukabishana mpaka muuza nyanya akasimama kutazama. Anjela akatusogeza wote wawili kwa viwiko, akatoa simu yake, akapiga picha kile kioo, akavuta picha ikawa kubwa, akatugeuzia. Tatu! Ilikuwa tatu, na ufa wa kioo umepita katikati. Mafundi wawili wenye lensi, tumekosolewa na bibi harusi. Tangu siku hiyo kila kioo tunakipiga picha kabla ya kubishana.

Kupakua ndiko kulikotutoa roho. Faili lenyewe ni dogo, lakini linakuja ndani ya furushi la mfumo mzima, na mtandao mchana ule ulikuwa unatembea kwa magoti. Kabula akabeba kompyuta akapanda ghorofa ya nyumba ya wageni ya jirani, huko mtandao unashika vizuri. Festo alitembea nje mpaka akachimba njia. Mimi nikamchemshia Anjela uji wa ulezi, akanywa huku ananieleza jinsi baba yake alivyomfundisha kuendesha trekta la mtu.

"Aliniambia nisiolewe na mtu asiyejua kulima," akasema. "Nimeolewa na mwalimu wa hesabu."

"Analima?"

"Anajaribu, mama. Mahindi yanamwonea huruma."

Kabula alishuka ngazi anakimbia, kompyuta kifuani. Lilikuwa limekamilika. Akalihakiki kwanza, akalinganisha ile alama ndefu ya faili, herufi na namba zake zote, na ile iliyoandikwa kwenye ukurasa lilikotoka, mwanzo mpaka mwisho. Festo akalalamika tunachelewa. Kabula akaendelea kulinganisha. Faili lililopakuliwa nusu linafanana kabisa na zima, mpaka uliweke.

Akachomeka waya. Umeme ukakatika.

Soko zima liliguna. Betri ya kompyuta ya Kabula ilikuwa ya kuzugia tu, ikikosa umeme inakaa kidogo inalala. Lakini mimi ni fundi wa redio, jamani! Fundi wa redio wa Ufipa hajawahi kuusubiri umeme. Chini ya meza nilikuwa na betri ya gari na kile kiboksi cha kuubadilisha umeme wake uwe wa ukutani. Nikainama, shingo ikapiga kelele, nikachomeka. Feni ya kompyuta ikanguruma. Kabula akanitazama kwa macho ambayo sitayasahau, akasema kwa upole, "Mama, wewe ni kiboko."

Akaandika amri ya kuliingiza faili. Akaisoma tena. Akanigeuzia nisome na mimi, maana tulikubaliana toka zamani hakuna anayebonyeza peke yake. Sehemu ya kuwashia. Faili la kuwashia. Toleo linaishia na tatu. Hakuna neno la kufuta popote.

"Bonyeza," nikasema.

Liliingia haraka kuliko kupiga chafya. Kompyuta ikaandika kwamba imekubali. Akawasha simu.

Nembo ikatokea.

Ikakaa.

Ikakaa tena. Anjela alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, anasali Salamu Maria. Festo kashika kichwa. Mimi namwambia simu kimoyomoyo, toka hapo mama, toka hapo. Halafu ikatetemeka. Mtetemo mdogo tu juu ya mbao. Nembo ikaondoka, na kioo kikajaa picha ya Festo mwenyewe, kavaa miwani, na mahali pa kuchora alama ya kufungulia.

Mlitakiwa mtusikie! Kabula alipiga vigelegele vya Kisukuma, mimi nikapiga vya kwetu, muuza nyanya akapiga bila kujua ni vya nini. Festo alichora alama, akakosea, akachora tena, ikafunguka. Harusi ilikuwamo. Yote.

Akainyakua akimbie.

"Weka chini," Kabula akasema.

"Muda wa kuona wagonjwa umefika!"

"Nakili kwanza. Kwenye kompyuta, na kwenye simu ya dada. Halafu kimbia unavyotaka."

Alingoja, na miguu inacheza. Tulipofunga duka tukaenda wote, mimi na sweta langu na mafuta ya betri mikononi.

Mzee Gaspari alikuwa wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, amekonda, mpira wa dripu mkononi. Niwatoe hofu kabisa: alikwenda Mbeya, akapasuliwa, akarudi, na mpaka leo anagombana na ngedere shambani kwake. Lakini jioni ile hakuna aliyejua.

"Wameniambia imeharibika," akasema alipotuona. "Msihangaike wanangu. Mungu ameona."

Anjela akasogea. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaishika simu mbele ya uso wa baba yake, akawasha.

Kengele za kanisa. Kina mama na kanga zao wanaserebuka. Mzee akanyanyuka kidogo, nesi akamwekea mto mgongoni. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kusogea, mmoja na magongo yake, mwingine anasema ongezeni sauti. Ikafika ukumbini, pale wazazi wanapoitwa mbele kubariki. Mama yake Anjela amesimama, na kando yake kiti kitupu, juu ya kiti koti la bluu limetandazwa vizuri, mabega yamenyooshwa.

"Koti langu," mzee akanong'ona. "Nani kalitoa sandukuni?"

"Mama."

Kwenye video Anjela akapiga magoti. Mama akamwekea mikono kichwani. Kisha Anjela akainama mbele ya kiti pia, kichwa kikielekea koti.

"Simamisha hapo," mzee akasema.

Festo akasimamisha. Anjela akateremka kitandani, akapiga magoti kwenye sakafu ya wodi. Mzee akamwekea mkono wenye dripu kichwani, akasema kwa Kifipa, taratibu, maneno ambayo baba wa Kifipa humwambia binti anapotoka nyumbani. Mimi niliyaelewa yote na sitawatafsiria, ni ya kwao. Kabula hakuelewa hata moja na ndiye aliyelia zaidi.

Alipomaliza akajipangusa uso kwa shuka, akajiegemeza.

"Haya, endeleza. Nataka kuona muziki."

Muziki ukaanza. Wodi nzima inatikisa vichwa. Mzee Gaspari akaangalia kwa makini, akakunja uso, akaweka kidole kwenye kioo.

"Huyu kijana wa katikati aliyetupa mgongo, anayecheza kama anakanyaga siafu, ni nani?"

Anjela akaziba mdomo.

"Ndiye mkweo, baba."

Mzee akamtazama binti yake, akaitazama simu, akapumua.

"Basi tumeshachelewa," akasema, na kicheko kikamtoka mpaka nesi akaja kushika dripu.